Dumu la Rambirambi

4 Machi, Jumanne

Masika yamefika kwa fujo. Mvua imepiga mabati tangu asubuhi, na gunia zima la mkaa wa mama limelowa kwa sababu mimi, mwenye stashahada ya maabara, nililisahau uani. Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningefurahi, maana kugombeza kunataka pumzi. Aliuwasha hivyo hivyo ulivyo, akapika uji wa futari katikati ya moshi, akatoka jikoni macho mekundu na mkono kifuani. Alipoketi mkekani alikohoa mpaka adhana ikaisha, na tende yake ikabaki kiganjani.

Daktari alishasema mwezi wa kwanza, mbele yangu, bila kuzunguka. Kifua cha Bi Mwanaamina kimejaa moshi wa maisha yake yote. Akiendelea na kuni na mkaa, masika mengine tusiyategemee.

Na mimi nafanya kazi wapi? Kwenye kiwanda kinachotengeneza moto usio na moshi. Kinyozi hajinyoi. Jiko letu la spiriti nimelileta nyumbani tangu Januari, na tangu Januari limekaa juu ya kabati limefunikwa kitambaa kama redio ya zamani.

"Hiyo ni pombe," mama anasema. "Futari yangu siipiki kwa pombe."

6 Machi

Leo nimejaribu tena. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wageni wanaokuja kututembelea kiwandani hapa Manyamanyama. Maganda ya mihogo tunayapata Suguti na Butiama, gugumaji linavuliwa ziwani kule Kibara. Tunayakatakata, tunayachemsha na dawa mpaka wanga wake unakuwa sukari. Kisha tunawaingiza bakteria kwenye tangi. Wanaila ile sukari, wanatoa spiriti, nasi tunaikeneka, tunaichemsha na kuukusanya mvuke wake, ikawa mafuta ya kupikia. Taka imekuwa moto, nikamwambia. Hakuna mti uliokatwa.

Mama alinisikiliza vizuri, akiokota mawe kwenye mchele.

"Kwa hiyo kimechacha."

"Kimechacha, ndiyo."

"Kikakenekwa."

"Ndiyo, mama."

"Na mtu akinywa atalewa."

Nikaanza kuokota mawe pamoja naye.

"Basi mwanangu, mimi sikusoma, lakini hiyo nimelijua jina lake."

Hasira zilinipanda, na hasira zenyewe ni kwa sababu anasema kweli. Wiki iliyopita kuna mwanaume alikuja kununua lita mbili na hana jiko.

8 Machi

Baridi. Joto la tangi limeshuka na bakteria wamenuna. Nimelivisha tangi mablanketi mawili na magunia. Dafroza, mwenzangu wa kazi, amecheka mpaka akakaa chini.

11 Machi

Dafroza amerudisha bakuli la mama. Mama alimpa kaimati juzi akapeleke kwa watoto. Bakuli limerudi na dagaa wakavu wa Kibara, wamejaa mpaka juu.

"Mngerudisha tu bakuli," nikasema.

"We dada, kwetu chombo hakirudigi kitupu. Mama angenichapa na ukubwa huu."

Dafroza ni mtu wa kusimulia. Tukiwa tunachambua maganda yaliyoingiliwa na udongo, alinieleza habari za baba yake mdogo, Faustine, anayepika gongo kule kijijini. Anasema ile inayotoka kwanza kwenye mrija ndiyo kali kuliko zote, inashika moto ukiiwashia kiberiti, na ndiyo ya heshima. Kwenye arusi anapewa baba wa bibi arusi. Kwenye msiba anapewa mwenye msiba. Wengine wanasubiri zamu, na wanaochelewa wanapata majimaji.

"Na mwenye msiba akikataa?"

"Atakataaje? Atakuwa amemtukana marehemu."

Nikasema kwetu mwenye msiba anapewa uji. Tukacheka wote wawili.

14 Machi

Nimepata wazo, na ni zuri. Kama mafuta hayanyweki, si pombe. Basi tuyaharibu yasinyweke!

Nimempigia bosi, Luqmani, yuko dukani kwake Musoma. Amefurahi, maana kanuni zenyewe zinataka yachafuliwe na sisi tumekuwa tukijivuta. Zipo njia mbili. Kuna unga mchungu, chembe tu inatosha pipa zima, mtu akigusisha ulimi anatema na hana hamu tena. Huo unaagizwa Dar, na utakuja mwezi wa tano. Na kuna methanoli, ambayo ni sumu kwelikweli, ina ladha ileile ya spiriti, na ipo Mwanza, inafika wiki ijayo.

"Tungoje unga?" Luqmani akaniuliza. "Au tuweke vyote viwili baadaye?"

Nikaangalia tarehe ya Idi.

"Tuanze na methanoli," nikasema. "Unga utatukuta."

16 Machi

Nimekwenda kwa imamu na jiko mkononi. Mzee mpole. Akauliza maswali mengi kuliko niliyoulizwa chuoni. Mwisho akasema, "Kama kinaua na hakuna mwenye akili atakayekinywa, hicho ni mafuta kama mafuta ya taa. Lakini hakikisha ni hivyo, binti yangu. Usiniambie leo hivi, kesho ikawa vile."

Nimemhakikishia.

20 Machi

Methanoli imefika. Nimetaka mambo yawe safi, yaani yawe machafu sawasawa, kwa hiyo nimefunga kidude cha kudondoshea palepale kwenye mdomo wa mtambo. Spiriti inapotoka tu inakutana na sumu. Hakuna hata tone litakalokaa siku moja bila kuchafuliwa. Hata chupa za akiba za maabara nimezitia sumu. Luqmani amesema ningekuwa mwanaume angenipa dada yake.

Tumebandika fuvu jekundu kwenye kila dumu.

23 Machi

Mama amekubali. Hakusema "nimekubali", mama si mtu wa hivyo. Amesema tu, "Lile jiko lako, hebu lishushe nilifute vumbi."

31 Machi, Idi

Mama amepika pilau. Pilau nzima, na kachumbari, na kuku wa kukaanga, amesimama jikoni tangu baada ya swala na HAKUKOHOA. Niliketi mlangoni nikimtazama kama mtu anayetazama sinema. Moto wa bluu, kimya. Ukuta mweupe. Alipoona namtazama akasema, "Una nini wewe, huna kazi?"

Dafroza alikuja na watoto wake. Mama alimwekea sahani mbili. Majirani wamekuja kulichungulia jiko, na wawili wametaka kujua linapatikana wapi. Nimelia kidogo bafuni, kwa furaha.

3 Aprili

Mvua. Tangi liko sawa.

7 Aprili

Mvua. Mama amelala chali usiku kucha. Miaka mingi alikuwa akilala ameketi, ameegemea mito.

12 Aprili

Mama anaimba akiosha vyombo. Hajui kuimba.

20 Aprili, Pasaka

Dafroza amenipeleka kwao Kibara. Barabara imechimbika, tumeshuka kusukuma gari mara kadhaa, gauni langu la Idi limepata lilichokuwa likikitafuta. Lakini nimefurahi kufika. Baba yake, mzee Nyamhanga, ni mrefu, mkimya, ana mikono ya mtu aliyevuta nyavu ujana wake wote. Alinipa kiti chake mwenyewe, akakaa kwenye ndoo.

Ndani alikuwa amelala mama yake mzee Nyamhanga, bibi wa Dafroza, mwepesi kama bua la mtama. Alinishika mkono akaniita kwa jina la mtu mwingine.

Tulikula sato na ugali wa muhogo. Faustine, yule mpishi wa gongo, alikuja kunywa chai. Mcheshi, ana meno machache, anajua habari zangu zote.

"Ndo wewe mwenye wadudu wanaokunywaga sukari wanakojoa spiriti?"

"Ndiye mimi, baba."

"Na mnatumiaga maganda ya mihogo yetu."

"Hayo hayo. Lakini yetu hainyweki, baba mdogo. Ina sumu."

"Ah, mihogo michungu yote si ina sumu? Sisi hiyo tumezaliwa nayo. Unaloweka, unaanika, unapika. Ikishapata moto, sumu imekwisha. Ungekuwa unaua, huu ugali tungekuwa tumeshazikwa wote na wewe ukiwemo!"

Wote tukacheka. Mimi nilikuwa na mwiba wa samaki mdomoni. Nikataka kusema siyo hiyo, ni nyingine, lakini mvua ikaanguka ghafla na kila mtu akainuka kuingiza dagaa walioanikwa, na mimi nikainuka nao.

Mzee Nyamhanga amenipa kuku wa kumpelekea mama.

27 Aprili

Mtambo umeharibika valvu. Siku imepotea.

2 Mei

Unga mchungu bado. Luqmani anasema umekwama bandarini. Nimemwambia hakuna haraka.

6 Mei, Jumanne

Bibi yake Dafroza amefariki alfajiri. Dafroza ameondoka na gari la gugumaji, amejifunga kanga kiunoni, hasemi kitu. Yeye asiposema ndipo ujue.

Mvua haijakatika siku hizi zote. Kuni za Kibara zimelowa, na msibani lazima watu wale. Hatuwezi kwenda mikono mitupu, na wala hatuwezi kwenda wote, tangi lina mzigo. Nimemwomba Luqmani ruhusa, akasema mpe chochote, yule binti ni wetu. Nimepeleka majiko mawili na dumu la njano la mafuta, lililojaa, na fuvu lake jekundu, na bahasha ya wafanyakazi. Mama ameongeza kilo za sukari na majani ya chai.

Nimemwambia dereva, "Mwambie mzee Nyamhanga ni rambirambi ya Tausi na mama yake. Wasihangaike na kuni."

7 Mei

Wamezika leo. Mvua.

8 Mei

Nimemtumia Dafroza ujumbe, hajajibu. Mama anauliza kama majiko yamefaa.

9 Mei, Ijumaa

Sijui nianzie wapi. Nguo zangu zote zinanuka pombe.

Asubuhi Dafroza alipiga simu. Sikuijua sauti. "Dada, njoo hospitali. Baba haoni. Na wengine. Njoo tu." Nikafikiri ajali ya mtumbwi. Nikafika hapo hospitali ya Bunda nikakuta wamelazwa watu kwenye mikeka hadi korido, wanaume watupu, wengine wanatapika, wengine wanahema kama waliokimbizwa. Faustine alikuwa ameketi ameegemea ukuta, anafumba na kufumbua macho. Aliponisikia nikizungumza akasema, "Ni Tausi huyo? Niliipika vizuri, mwanangu. Niliipika mara mbili."

Nikamvuta Dafroza pembeni, akanieleza.

Waligawa dumu. Nusu wakapikia wageni, na chakula kikaiva, na kila mtu akasifu. Nusu ikabaki. Gongo ya Faustine ilikuwa haijakomaa na wachimba kaburi walikuwa wamelowa tangu asubuhi. Faustine akaliona fuvu. Dafroza anasema alilionyesha kwa kidole akasema, hii ni ya maganda ya mihogo, binti mwenyewe alituambia ina sumu, tuipike sumu itoke. Dafroza mwenyewe alikuwa ndani na wanawake, aliyasikia baadaye. Faustine akaimimina kwenye mtungi wake, akawasha moto, akapika kama anavyopikaga siku zote.

Na ile ya kwanza kutoka kwenye mrija akampa mwenye msiba.

Daktari ni msichana mdogo kuliko mimi. Akanivuta pembeni. "Ndani mliweka nini?" Nikamwambia. Sikuficha hata kidogo. Akafumba macho kidogo, kisha akasema haraka haraka: dawa yenyewe iko njiani kutoka Mwanza, lakini mpaka ifike, pombe safi inaweza kuizuia ile isigeuke mbaya zaidi mwilini. "Nyie mnatengeneza. Leta iliyo safi. Kimbia."

Nilikimbia. Nilipanda bodaboda mpaka Manyamanyama, na njia nzima moyo ulikuwa unaniambia tunayo, tunayo, tuna mapipa. Nikaingia ghalani nikasimama katikati ya mapipa, na kila pipa lina fuvu. Chupa za akiba za maabara, nimezitia mwenyewe. Kidude changu mdomoni mwa mtambo kilikuwa kinadondosha, tone kwa tone, hakikosei. Kiwanda kizima cha spiriti, na hakuna kijiko kimoja cha kumpa mgonjwa.

Nikaenda baa. Sijawahi kuingia baa. Nimeingia na ushungi wangu, Ijumaa, watu wakielekea kuoga kwa ajili ya swala. Dada wa kaunta akasema, "Mama, umekosea mlango."

"Nipe pombe kali. Iliyofungwa kiwandani. Zote ulizonazo."

Wanaume waliokuwa pale walicheka. Mmoja akasema, "Leo hata wa msikitini wamekuwa wateja!" Sikuwajibu. Nilizifunga chupa kwenye mtandio, nikatoka nazo zinagongana, nikapita mbele ya msikiti kwa sababu ndiyo njia fupi. Wamama watatu wa darasa la dini la mama wameniona. Waone tu.

Daktari alipima kipimo cha kila mtu. Manesi walikuwa wachache, akanipa mimi kikombe cha mzee Nyamhanga. Nikaketi chini, nikakiinua kichwa chake juu ya paja langu. Mimi, niliyehangaika miezi ili pombe isiingie nyumbani kwetu, nimemnywesha mzee pombe kwa mkono wangu na nimemwomba Mungu mzee aimeze.

Akasema, "Ni nani?"

"Ni Tausi, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmezima taa?"

Ilikuwa mchana kabisa. Jua lilikuwa limetoka, la kwanza wiki nzima, lilikuwa limempiga usoni.

"Zitawashwa, baba. Kunywa."

Akanywa kidogo. Kisha akasema, na nitayaandika kama alivyoyasema, "Asante kwa dumu. Wageni wote walikula chakula cha moto. Mama yangu hakuaibika."

Alikata roho alasiri. Gari la Mwanza lilikuwa bado halijafika.

10 Mei

Wamekufa wengine wawili, wachimba kaburi. Faustine yu hai. Anaona weusi na weupe, kivuli cha mtu tu. Yeye alikunywa mwishoni kabisa, kwa sababu mpishi hujipa mwisho.

Nimekaa nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Methanoli huchemka kabla ya spiriti. Hilo nalijua tangu chuo, nililijibu kwenye mtihani. Ukipika mchanganyiko ule, sumu inatangulia kutoka. Kama Faustine angeimwaga ile ya kwanza, huenda wote wangeishia kuumwa kichwa. Lakini ya kwanza haimwagwi. Ya kwanza ni ya heshima. Na hilo pia nililijua, Dafroza alinisimulia tukichambua maganda, nikacheka.

Na unga mchungu ungewafanya wateme. Kila mmoja wao angetema, na Faustine angeapiza, na tungekuwa na hadithi ya kuchekea Krismasi. Haraka haraka haina baraka, mama amenifundisha tangu nikiwa mdogo. Niliitaka Idi.

12 Mei

Polisi na watu wa serikali wamefunga kiwanda. Luqmani amekuja toka Musoma, amezeeka. Wameuliza nani alitoa dumu. Nimesema mimi. Nani alichagua methanoli? Nimesema mimi. Luqmani akasema, "Tulichagua wote." Sikutegemea aseme hivyo.

Nimeambiwa nisitoke Bunda.

13 Mei

Hakuna wa kuwalisha bakteria. Nimeisikia harufu kutoka barabarani.

15 Mei

Mama hajasema neno juu ya baa. Najua wameshamweleza. Anapika kwenye jiko la spiriti, anakula kidogo, ananitazama.

17 Mei

Mama ameniuliza leo, tukiwa tumeketi uani baada ya magharibi.

"Ile sumu. Iliwekwa ili iwe nini?"

"Ili watu wasinywe."

"Hapana. Watu wa kunywa walikuwepo Januari na Februari, hukuiweka. Nakuuliza iliwekwa kwa ajili ya nani."

 

"Kwa ajili yako, mama. Ili upike."

 Akainuka, akaingia jikoni, akalizima jiko, akalifuta vizuri, akalirudisha juu ya kabati, akalifunika kitambaa. Nikamwambia mama, jiko halina kosa, mafuta hayana kosa, ukirudi kwenye mkaa utakufa, daktari amesema. Nilipiga kelele. Nilimshika mkono. Akautoa taratibu.

"Nimekusikia, Tausi. Mimi sijasema lina kosa. Nimesema siwezi. Nikiuona ule moto wa bluu namwona yule mzee aliyenitumia kuku."

18 Mei

Mkaa.

21 Mei

Mkaa. Ameanza kulala ameketi tena.

24 Mei

Nimemwambia nitanunua jiko la gesi. Amesema, "Nunua." Nimelileta. Ameliweka chumbani kwangu, hata mpira hajaufunga. "Pika wewe," amesema. Nimepika. Amekula, akashukuru, kisha akaenda kujipikia chai yake kwenye mkaa. Sijui anamwadhibu nani. Nadhani anafikiri mtu mmoja kati yetu lazima alipe, na mimi bado kijana.

Nina hasira naye. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia. Watatu wamekufa ili yeye apumue, na sasa hataki kupumua. Basi wamekufa kwa ajili gani?

29 Mei

Mvua zimepungua. Usiku amekohoa damu kidogo kwenye leso, akaificha. Nimeiona.

2 Juni, Jumatatu

Dafroza amekuja.

Sijamwona tangu siku ile hospitali. Nilikwenda hadi stendi mara mbili nikitaka kupanda gari la Kibara licha ya polisi, nikarudi. Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi, na leo nilipomwona mlangoni, amenyoa nywele, amekonda, nikasema karibu tu. Mkononi alikuwa na dumu la njano.

Fuvu limesuguliwa likatoka. Imebaki alama tu, duara hafifu.

"Mama amenituma," akasema. Hakuniita dada. "Tumemaliza matanga. Tunarudisha vyombo vya watu."

Akaliweka chini, likatoa sauti nzito. Nikalifungua. Limejaa ulezi. Ulezi mwekundu, umepepetwa vizuri, umemiminwa humo punje kwa punje kupitia ule mdomo mdogo. Sijui mama yake amekaa siku ngapi na faneli, mjane, akiumimina.

"Anasema ni wa uji. Alisikiaga mama yako ana kifua."

Nikasema, "Dafroza." 

"Usiniambie kitu," akasema. "Mimi nina hasira na wewe mpaka tumboni. Nina hasira na baba mdogo, nina hasira na mimi, maana mimi ndiye nilimsimuliaga kila kitu unachofanya. Lakini mama kasema chombo kilikuja kwa wema, hakirudi kitupu. Nimekileta. Naenda, gari linaniacha."

Mama alikuwa ametoka, ameegemea mlango. Alimwita Dafroza kwa jina, akamkumbatia, na Dafroza akakubali kukumbatiwa, amesimama mikono imening'inia. Kisha akaondoka hakugeuka.

Nilitaka kulificha dumu. Nilimwambia mama tusiule, humo ndimo sumu ile ilimokuwemo. Ninajua kabisa imekwishapaa, limeoshwa, halina kitu. Mimi ndiye mtu wa maabara. Bado nilimwambia.

Mama akanitazama. "Watu wamezika watatu, wakakaa chini wakatupepetea ulezi. Wewe utaumwaga?"

Akauosha kwa maji mengi, akautwanga kwenye kinu kwa mkono, akipumzika kila mara. Akawasha mkaa. Mkaa ulikuwa mbichi ukatoa moshi, naye akainama kuupuliza akashindwa, pumzi haikufika. Alijaribu tena. Nikachukua kipepeo mkononi mwake, nikachuchumaa, nikaupepea mimi mpaka ukashika.

Uji umeiva. Amenipa bakuli la kwanza.

Nimelishika muda mrefu. Kisha nimekunywa lote.